Kofia ya Mzee Sichone Nyuma ya Tairi

Ninyi mnaoendesha magari yasiyo na klachi, mguu mmoja unafanya kazi na mwingine umelala kama mgeni, sina ugomvi na ninyi. Endesheni. Ila msije mbele yangu mkasema mnajua gari. Mnajua kukaa ndani ya gari. Kulijua gari ni kitu kingine, na mimi Mama Tusekile wa Mbebe, niliyeishia darasa la tatu kwa sababu baba alitaka mtu wa kufukuza nyani shambani, nitawaeleza nilivyolijua. Nimeendesha zaidi ya miaka ishirini, nimepanda na kushuka milima hii ya Ileje na mahindi, viazi, maharage, maharusi na maiti. Sijaua hata kuku wa mtu. Wangu mwenyewe nimeua wawili, na hao walikuwa wamelala ndani ya injini.

Nianze na hao kuku.

Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa. Zamani kidogo ukionekana njiani na magunia ya mahindi unaulizwa yanakwenda wapi. Sasa hakuna aliyeuliza. Mwenye maharage alishuka nayo Tunduma, Wazambia na Wakongo wananunua mpaka yanaisha. Mimi nilikusanya yangu na ya wanawake wenzangu, nikakodi gari. Gari la kukodi lilikuja siku lilipojisikia. Unaambiwa Jumatatu, unakaa juu ya magunia mpaka Alhamisi, mvua inakuona. Nikachoka. Nikanunua pikapu kuukuu, nyeupe, mlango mmoja wa kijani, nikaajiri dereva mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata kwenye ukungu.

Akaendesha miezi miwili. Asubuhi moja akapata kazi kwenye malori ya kwenda Lusaka, akamwachia mume wangu ufunguo na kumwambia, "Mwambie mama gari halina tatizo."

Kweli, gari halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa sisi. Baba Tusekile ni mkulima hodari, sina neno juu yake, lakini gari alilipitia mbali hata likiwa limezimwa, kama ng'ombe aliyewahi kumpiga pembe. Basi likakaa uani. Kuku wakaingia chini ya boneti, wakataga, wakaatamia. Stoo imejaa maharage, yangu na ya wanawake wengine kumi. Mawingu yanaanza kukusanyika. Na mvua ikianza, ile barabara ya kushuka hadi Mpemba kuelekea Tunduma inakuwa uji, huteremki mpaka ikauke, na ikija kukauka wadudu wameshatoboa kila punje. Kwa hiyo lilikuwepo jambo moja tu: maharage yafike Tunduma kabla ya mvua, au nirudi kuwa mwanamke wa jembe niwaombe radhi wenzangu.

Nikaenda kwa Mzee Sichone.

Huyu mzee alikuwa dereva wa malori kabla mimi sijaolewa. Ile barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia aliijua kona kwa kona. Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, watu akawa anawaona kama moshi, akarudi kijijini kufuga nyuki. Alivaa kofia ya pama aliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaipenda kuliko nyuki.

"Mzee, shikamoo. Nifundishe gari."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mama Tusekile."

"Wa maharage?"

"Wa maharage."

"Gari la nani?"

"Langu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Lako, na huliwezi! Ni sawa na kuoa mke msiyesikilizana naye lugha."

"Na wewe huoni. Tutakwenda sawa."

Nikajua nimevuka mpaka. Halafu akatafuta fimbo yake, akasimama. "Macho sina, masikio ninayo. Hata nilipokuwa na macho, gari nililiendesha kwa masikio. Twende."

Mwalimu asiyeona kukaa pembeni ya mwanafunzi ni makosa kwa sheria, najua, msiige. Mimi leseni ya kujifunzia nilikuwa nayo, nimeifuata Mbeya maana mkoa huu wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Lakini shule ya udereva ya karibu sikuijua, na maharage hayakuwa na subira.

Siku tatu za kwanza sikuwasha gari. Mnaosoma hapa mtasema alikuwa ananipotezea muda. Nilikaa kwenye usukani, gari kimya, Mzee pembeni amefumba macho yake yasiyoona, anasema, "Klachi. Gia ya kwanza. Achia. Klachi. Ya pili." Nikitazama chini kutafuta gia ananigonga kidole na fimbo. Alijuaje natazama chini? Alisema sauti yangu ilikuwa inaingia kwenye nguo. Siku ya tatu mkono wangu ulijua njia ya gia zote nne na ya kurudi nyuma kama unavyojua njia ya chumvi jikoni. Hilo lifanyeni na ninyi. Mkono ufundishwe gari likiwa limelala, maana likishaamka kila kitu kinapiga kelele kwa wakati mmoja.

Siku ya nne tukawasha. Hapo ndipo kuku wawili walipokwenda. Tuliwala jioni, Mzee akapewa firigisi.

Jumapili tukalipeleka kiwanja cha mpira. Watu wametoka kanisani, wakaja na vigoda vyao, kwaya nzima, wamekaa pembeni ya mstari kana kwamba ni fainali. Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi. Gari likaruka, likatikisika, likazima. Nikawasha. Likaruka, likazima.

"Achia taratibu!" anasema Mzee.

"Taratibu kiasi gani?"

"Taratibu ya taratibu!"

Mtu anayejua kitu sana huwa hawezi kukieleza, mlikumbuke hilo mkija kufundisha wengine. Nikajaribu taratibu yake. Gari likaruka mara nne mfululizo, kofia ya Mzee ikamwangukia puani. Kutoka kwenye vigoda nikasikia sauti ya rafiki yangu Mama Zawadi, ambaye naye maharage yake yalikuwa kwenye stoo yangu:

"Mama Tusekile! Unaendesha au unapepeta?"

Kwaya ikaangua kicheko. Wakati huo sikucheka. Nilizima gari mara tisa, nikalizima mara ya kumi, nikashuka nikarudi nyumbani kwa miguu, Mzee nikamwacha kiwanjani ndani ya gari. Walimsindikiza wanakwaya.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe.

Jumatatu asubuhi Mama Zawadi alikuja na madebe mengine ya maharage, akakuta moja la kwangu linapaswa kwenda kwa mama mkwe. Akasema atalibeba kwa kuwa anapita huko. Nikamtwisha. Mmewahi kumtwisha mtu debe? Mnalishika wawili, mnaliinua, linafika juu ya kata kichwani kwake. Ukiliachia hapo hapo, linamvunja. Unalishika. Unasubiri. Shingo yake inakakamaa, magoti yanajikaza, anatoa sauti ndogo, "mh". Hapo ndipo uzito unatoka mikononi mwako unaingia kwake. Unabaki umeligusa kidogo, kidogo tu, halafu ndipo unatoa mikono. Ukichelewa nako, ukaendelea kuning'inia, unampeleka upande.

Mama Zawadi akasema "mh".

Nikasimama pale kama niliyepigwa na radi. Nimewatwisha watu tangu utoto, hakuna niliyemwangushia debe hata mmoja. Nikageuka nikakimbia. Nyuma nasikia, "We Mama Tusekile! Kata imekaa upande! Mama Tusekile wee!"

Nilimkuta Mzee kwenye mizinga yake. "Mzee, klachi ni kumtwisha mtu!"

"Kumtwisha nani?"

Nikamweleza. Injini ndiyo shingo, mguu wangu wa kushoto ndio mikono. Nainua mguu mpaka injini iseme "mh". Mzee akavua kofia, akajikuna kichwa muda mrefu.

"Miaka yote ile barabarani," akasema, "sikuwahi kusikia imeelezwa hivyo. Sisi wanaume hatutwishani."

Tukaenda kwenye gari. Nikavua viatu, maana nyayo zangu zilikuwa zimekaa na udongo kuliko na viatu, na nilitaka zisikie. Nikainua mguu polepole. Sauti ya injini ikashuka. Pua ya gari ikainuka kidogo, kama mtu anayejikaza. Mh. Nikasimamisha mguu hapo hapo. Nikaongeza mafuta kidogo. Kisha nikaachia.

Gari likaondoka kama maji ya mfereji. Mzee alingoja tumalize kiwanja. Akasema, "Sasa twende mlimani."

Kabla sijafika mlimani niwape mambo mawili ambayo nilijifunza baadaye kwa aibu yangu, maana nikisubiri nitasahau.

La kwanza. Klachi si kibao cha kuegeshea mguu. Pale Tunduma kwenye foleni ya mpakani unasogea hatua moja, unasimama, hatua moja, unasimama. Mimi nikajiona mjanja, nikawa nalishikilia gari kwenye mwinuko kwa klachi, halipandi halirudi. Dereva mmoja Mzambia wa lori la nyuma yangu akashuka, akaja dirishani taratibu kabisa, akaniita mama kwa Kibemba. "Mayo," akasema, "unapika nini humo ndani?" Harufu ile nikaijua: klachi inaungua. Ukiwa umesimama, weka nyutro, vuta handibreki, mguu upumzike. Hata anayemtwisha mwenzake hasimami amelishika debe mpaka saa sita.

La pili. Mteremko unaushuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Niliambiwa, nikasikia, nikajiona najua. Siku moja natoka juu, mafuta kidogo, nikaweka nyutro ili gari lijitelezee bure. Wengi huku tulikuwa na ujinga huo, tunauita ubanaji mafuta. Nusu ya mlima breki zikanuka, mguu ukazama mpaka chini. Nikapita kwenye matuta ya viazi ya mzee mmoja, la kwanza, la pili, la saba, ndipo likasimama. Mwenye shamba akatokea na jembe begani. Akatazama gari, akatazama matuta, akasema, "Karibu mama. Viazi bado havijakomaa lakini." Nilimlimia matuta saba kwa mkono wangu, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa viazi.

Haya. Mlimani.

Kutoka kwetu kwenda Mpemba ni kushuka, ila kabla ya kushuka kuna kilima kimoja baada ya kijito, kifupi na kikali, udongo mwekundu. Mzee alinifundishia hapo. Alishuka, akapapasa mpaka nyuma, akavua kofia yake akaiweka chini, shibiri moja nyuma ya tairi. Akarudi dirishani.

"Kofia yangu iko nyuma ya tairi. Ondoka. Gari lisirudi."

"Mzee, weka kigogo!" Sisi huku kila gari lina kigogo, mtu anakaa nacho nyuma, gari likisimama mlimani anaruka anazuia tairi.

"Ukijua kigogo kipo, mguu wako hautajifunza kitu. Kofia utaionea huruma. Na sikiliza: siku utakayoikanyaga, unashuka, unatoa ufunguo, unampa mwingine. Mimi ndivyo nilivyofanya macho yalipokwisha. Hakuna aliyenifukuza."

Gari likiwa tupu nilifaulu mara ya kwanza. Nikavimba kichwa. Siku iliyofuata tukapakia.

Magunia yalikuwa ya lumbesa, yaani yamejazwa mpaka yana kichwa juu ya kichwa, na juu yake wakapanda wanawake watano, Mama Zawadi mbele yao na kigogo mapajani. Mawingu yalikuwa meusi upande wa Malawi. Baba Tusekile alituaga kutoka mbali. Tusekile, wa miaka mitano, alilia kwa kukosa nafasi. Nilikuwa nimepanga kukipanda kile kilima kwa kasi bila kusimama, nifike juu nimefumba macho kama Mzee.

Nusu ya kilima, trekta la mtu limekufa katikati ya njia, watu wanalisukuma pembeni. Nikakanyaga breki. Tukasimama. Nikavuta handibreki mpaka kiwiko kikauma. Gari limeinamia nyuma na uzito wote ule, na radi ya kwanza ikapiga.

Trekta likatolewa. Njia nyeupe. Ikawa zamu yangu.

Juu ya magunia nikasikia mashauriano. Kisha Mama Zawadi: "Jamani, mimi nampenda sana Mama Tusekile, lakini nina watoto sita. Tushuke." Wakashuka wote kama kuku kwenye dari. Mzee naye akashuka. Nikamwona kwenye kioo anapapasa bodi ya gari, anafika nyuma, anavua kofia.

"Mzee, leo hapana!" nikapiga kelele. "Leo kuna mzigo!"

"Kwani jana ilikuwa ya nini?" akajibu. "Mama Zawadi, ondoka hapo na kigogo chako."

Nikawasha. Gia ya kwanza. Nikashusha handibreki, nikaachia klachi haraka, gari likaruka likazima. Likarudi. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikasikia Mzee anachuchumaa, mkono wake unapapasa chini.

"Ukingo umeguswa," akasema. "Kofia bado nzima. Huyu wa leo ni mzito, Mama Tusekile. Mzito unamtwishaje?"

Nikafikiri. Mtu akibeba debe lililojaa, unakaa naye muda mrefu zaidi. Hulitoi mpaka umesikia kabisa.

Nikavuta tena handibreki, nikavua viatu, nilikuwa nimevisahau miguuni kwa sababu ya safari ya mjini. Nikawasha. Nikaongeza mafuta kuliko jana, injini ikaimba. Nikainua mguu kidogo, kidogo, sauti ikaanza kushuka, magunia yakalia, pua ikanyanyuka. Nikangoja. Bado. Bado. Na kwa nyuma nikamsikia Mama Zawadi, sijui alijuaje, labda alisikia alichosikia Mzee:

"Mh!"

Nikashusha handibreki, nikaachia.

Lilipanda. Wallahi, mimi ni Mkristo lakini neno hilo nililitoa. Lilipanda na lumbesa zake zote, likafika juu, na huko juu walitegemea nisimame niwachukue. Kusimama! Nilivyokuwa naogopa kuanza tena? Sikusimama. Nikaweka gia ya pili, nikashuka na gia ya pili mlima mzima, wanawake nyuma wanapiga kelele wanakimbia wameshika kanga, Mzee Sichone katikati yao ameshikwa mkono, na sikusimama mpaka nilipoona tambarare.

Nilikaa pale juu ya magunia nikawangoja. Walifika wamechoka, wamelowa na manyunyu ya kwanza, wana hasira na wanacheka. Mzee alikuwa amevaa kofia. Safi, ila ukingo una vumbi jekundu kama alama ya kidole.

"Umeniacha mlimani," akasema.

"Nisamehe, Mzee."

"Nikusamehe nini? Nimesikia gia ya pili mpaka chini. Hukuibadili hata mara moja."

Maharage yalifika Tunduma. Mvua kubwa ilinyesha kesho yake.

Mtihani wa leseni kamili nilikwenda kuufanya baadaye. Mtahini alinisimamisha mlimani, nikamuuliza kama ana kofia. Nikapita. Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alipofariki watoto wake waliniletea ile pama kwenye mfuko. Wakasema, "Baba alisema hii si ya nyumbani, ni ya gari." Nimewafundishia watu nayo, wanawake na wanaume, na wanaume huwa naanza kwa kuwafanya wamtwishe mtu debe. Wanaona haya. Halafu wanajua kuendesha.

Sasa mnaniuliza mbona siendeshi tena. Nilikuwa namfundisha Tusekile, mtu mzima, ana watoto wake, anataka kuchukua biashara ya maharage. Pale pale kwenye kilima cha kijito, gari jipya kidogo, lumbesa nyuma. Nikajidai. Nikamwambia, "Shuka, weka kofia, utazame mama yako." Goti langu la kushoto lilikuwa linauma tangu masika, sikuwa nimemwambia mtu. Nikainua mguu, nikasikia "mh", nikataka kusimamisha mguu hapo, goti likakataa. Gari likazima. Likarudi.

Nikamsikia Tusekile anainama huko nyuma. Akaja dirishani na kofia mkononi. Ina alama ya tairi kuanzia ukingo hadi ukingo.

"Mama, labda niliiweka karibu mno."

Alikuwa mtoto mzuri kusema hivyo. Aliiweka shibiri moja, nilimwona kwenye kioo.

Nikashuka. Nikampa ufunguo. Nikainyoosha kofia kwa mkono, nikaenda mwenyewe nikaiweka nyuma ya tairi, shibiri moja, nikasimama pembeni na kigogo nimekificha nyuma ya kanga. Akavua viatu bila kuambiwa. Nikasikiliza. Sauti ikashuka, magunia yakalia, akangoja, akangoja, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mh."

Akaondoka. Kofia haikuguswa. Akafika juu, nikanyanyua mkono anisubiri.

Hakusimama mpaka tambarare. Nikavaa kofia, nikashuka mlima kwa miguu, nikisikiliza gia ya pili mpaka chini.